Spini haifundishiki ubaoni, inafundishika kwenye asaimenti

Wanafunzi wa fizikia wakifika mwaka wa tatu na tukaanza mada ya spini, yaani momenta ya kuzunguka ambayo elektroni inayo yenyewe, karibu wote wanakuja na picha moja kichwani, kwamba elektroni ni kimpira kinachojizungusha kama dunia. Siwalaumu. Ndo walivyosoma fomu six, na kwenye kemia wamechora vimshale vya juu na chini ndani ya viboksi mpaka mkono umezoea, sasa leo uje umwambie hakuna kimpira, atakuitikia "sawa mwalimu", ataandika kwenye daftari "hakuna kimpira", halafu ikija testi anakuchorea kimpira kizuri kabisa na mshale wa kuonyesha kinazungukia upande gani.

Kwa hiyo kwenye hii mada ubaoni siongei sana, natoa asaimenti. Na swali la kwanza ni hesabu za fomu five tu, hakuna kwantamu humo ndani. Chukulia kwamba elektroni kweli ni mpira mgumu. Masi yake ni kilo 9.11 × 10⁻³¹, nusu kipenyo chake kiwe kile kinachopatikana kwa hesabu za umeme za kizamani, mita 2.8 × 10⁻¹⁵, na momenta yake ya kuzunguka iwe ħ/2 kama vipimo vinavyosema (ħ ni namba ya Planck gawanya kwa 2π). Haya niambie, ngozi ya huo mpira pale ikweta inakimbia kwa spidi gani? Inersia ya mpira ni 2/5 mr², kwa hiyo 2/5 mrv = ħ/2, geuza geuza unapata v = 5ħ/4mr, weka namba kwenye kalkuleta inakuja mita 5.2 × 10¹⁰ kwa sekunde. Mwanga wenyewe unakwenda 3 × 10⁸. Yaani ngozi ya mpira inaushinda mwanga mara 170 hivi.

Wengi wakipata hilo jibu wanalifuta. Unaona kabisa kwenye karatasi, amekata kwa kalamu, ameanza upya, kapata ileile, kakata tena, mwisho kaandika pembeni kwa penseli "nadhani nusu kipenyo mlichotupa kimekosewa". Huyo wa penseli nampa maksi zake zote na ya ziada, kwa sababu hiyo ndo hoja inayotakiwa, sa twende nayo. Kipengele (b) kinauliza mpira uwe mkubwa kiasi gani ili ngozi isizidi spidi ya mwanga, na inatoka mita 4.8 × 10⁻¹³ hivi. Basi tatizo limekwisha? Halijaisha, maana majaribio ya kugonganisha chembe kwa nguvu kubwa hayajaona elektroni ikiwa na ukubwa wowote hata ukishuka chini ya mita 10⁻¹⁷, na kwenye ile fomula r iko chini, ukiupunguza mpira spidi inazidi kupaa. Huku umebanwa na kule umebanwa. Kimpira kinakufa mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe, kwa kalkuleta yake, mimi sijasema neno.

Na hili swali si la kwangu, liliwatoa jasho wakubwa. Mwaka 1925 vijana wawili wa chuo cha Leiden, Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walipeleka kwa profesa wao Paul Ehrenfest wazo kwamba elektroni ina momenta yake yenyewe ya kuzunguka. Wakaenda pia kumwuliza mwanafizikia mkongwe, mzee Lorentz, na mzee akapiga hesabu za aina hiyohiyo akawaonyesha kwamba mpira wao utalazimika kwenda kasi kuliko mwanga. Vijana wakapata kiwewe wakarudi mbio kwa Ehrenfest kuomba karatasi isitumwe, Ehrenfest akawaambia nimeshaituma, na nyie bado vijana mnaweza kumudu ujinga mmoja. Kabla yao mwaka huohuo kulikuwa na Ralph Kronig, alifikiria kitu kilekile, akamweleza mwanafizikia Wolfgang Pauli, Pauli akamkatisha tamaa, Kronig akaliacha wala hakuchapisha. Huwa nawahadithia hii baada ya kurudisha karatasi, si kabla. Ukiwahadithia kabla wanaandika jina la Lorentz kwenye jibu na hesabu hawafanyi.

Swali la pili linawapeleka Frankfurt, Februari 1922. Hapa kuna jaribio la Otto Stern na Walther Gerlach, na nalipenda kwa sababu unaweza kulifanya upya kwenye karatasi ukapata namba ileile waliyoipata wao. Unayeyusha madini ya fedha kwenye tanuru la nyuzi 1000 hivi, atomu zinachomoka kama mvuke, unazipitisha kwenye vijitundu vyembamba mno, kisha katikati ya sumaku ambayo uga wake haulingani, upande mmoja mkali upande mwingine dhaifu, halafu zinaenda kutua kwenye kioo. Namba tunazowapa: masi ya atomu moja ya fedha kilo 1.79 × 10⁻²⁵, spidi mita 550 kwa sekunde, sumaku ina urefu wa sentimita 3.5, uga unabadilika kwa tesla 10 kila sentimita, na nguvu ya kisumaku cha atomu yenyewe ni magnetoni moja ya Bohr, kipimo cha usumaku wa atomu, 9.27 × 10⁻²⁴. Mistari miwili itaachana umbali gani?

Kanyaga taratibu. Tesla 10 kwa sentimita ni tesla 1000 kwa mita, hapo ndo theluthi ya darasa inaangukia, mtu yuko mwaka wa tatu na bado sentimita inamwangusha. Zidisha upate nguvu ya 9.27 × 10⁻²¹, gawanya kwa masi, mchapuko unakuja kama mita 52,000 kwa sekunde kila sekunde, ambayo inatisha ukiisoma, ila atomu inakaa ndani ya sumaku kwa maikrosekunde 64 tu. Nusu ya mchapuko mara muda mara muda, unapata milimita 0.1. Moja juu moja chini, kwa hiyo mistari inaachana milimita 0.2. Na ndicho kilichoonekana kwenye kioo mwaka 1922, milimita 0.2, unene wa kama karatasi mbili tatu. Mwanafunzi aliyezoea kwamba kwantamu ni mambo ya herufi za Kigiriki tu, akiona milimita zimetoka kwenye kalkuleta yake anatulia kidogo.

Kipengele cha pili cha swali hilo ni cha kuchora. Kama kisumaku cha atomu kingekuwa kinaweza kuelekea upande wowote kinavyotaka, kioo kingeonyesha nini? Wanatakiwa wachore pakazo moja refu lisilokatika, nene katikati. Halafu wachore kilichoonekana, alama mbili na katikati peupe. Hiyo michoro miwili ikikaa pamoja kwenye ukurasa mmoja mi naona inafanya kazi kuliko lekcha yangu ya saa zima.

(Kuna kisa cha sigara hapa siwezi kuacha. Stern alihadithia baadaye kwamba kioo cha kwanza alichokabidhiwa na Gerlach hakikuwa na kitu, wakawa wanakitazama tu, na taratibu alama nyeusi zikaanza kujitokeza, na sababu yake ni kwamba Stern mshahara wake ulikuwa mdogo akawa anavuta sigara za bei chee zenye salfa nyingi, moshi ukaigeuza fedha kuwa salfaidi ya fedha ambayo ni nyeusi tii. Na hela ya jaribio nayo ilikuwa ya kuungaunga, mwanafizikia Max Born alitoa mihadhara ya kulipia kiingilio ili kuchangia gharama. Watafiti wa kwetu mnaosubiri fungu litoke, mnajikuta hapo.)

Jambo moja ambalo vitabu vinalipita haraka: Stern na Gerlach hawakujua kwamba wameona spini. Spini ilikuja miaka mitatu baadaye. Wao walifikiri wamethibitisha nadharia ya zamani ya atomu ya Bohr na Sommerfeld, na Gerlach akamtumia Bohr postikadi ya kumpongeza. Kwa mwanafunzi anayeamini kwamba jaribio likifanyika jibu linakuwa limeandikwa juu yake, hii ni dawa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo linaleta vita, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chukua mashine za Stern na Gerlach kama mageti. Kila geti lina matundu mawili ya kutokea. Geti la kwanza limesimama wima, tundu la chini nimeliziba, zinapita za juu tu. Geti la mwisho nalo limesimama wima ila hapo nimeziba la juu, nataka za chini tu. Zinapita ngapi? Sifuri, hilo kila mtu analiweza. Sasa katikati yao weka geti la tatu lililolazwa ubavu, linapitisha za kulia tu. Zinapita ngapi? Na sharti langu ni hili, kabla hujapiga hesabu unaandika kwanza unachodhani, kwa kalamu ya wino, mstari mmoja, na sababu.

Karibu darasa zima linaandika sifuri. Kuna binti aliandika sababu nzuri sana, kwamba ukiongeza chujio la pili kwenye birika majani ya chai hayawezi kuongezeka kwenye kikombe. Iko sawa kabisa kwa chai! Halafu anapiga hesabu. Za juu zikifika geti lililolala, nusu zinatokea kulia. Hizo za kulia zikifika geti la mwisho la wima, nusu zinatokea chini. Nusu ya nusu ni robo. Yaani umeongeza kizuizi na vitu vilivyokuwa havipiti kabisa sasa vinapita robo nzima. Hapo ndo wanaanza kunitumia meseji usiku, "mwalimu hili swali liko sawa kweli?", "mwalimu kwani zile za juu hazikumbuki kwamba zilikuwa juu?" Na hilo neno la kukumbuka ndo lenyewe. Hazikumbuki. Ukishazipima ubavu, habari ya wima imefutika, haijajificha mahali, haipo.

Sharti la kuandika kwanza kwa wino wanalichukia na sitaliondoa. Mtu akipiga hesabu moja kwa moja atapata robo, ataona kawaida, maana robo haina cha kushangaza, ni namba tu, nusu mara nusu. Mshangao unapatikana pale ambapo tayari umeshajifunga kwa sifuri. Nimeona watu wanaofaulu vizuri tu testi zangu, A kabisa, lakini ukimkuta nje ukamwuliza lile swali kwa maneno anajibu sifuri. Hesabu alizijua, mpira bado anao.

Na hapa ndipo ninapopambana na kudesa pia. Kipengele cha mwisho cha hilo swali kinasema badala ya geti moja katikati, zungusha kidogokidogo kutoka juu mpaka chini kwa hatua N zinazolingana, na N yako ni tarakimu mbili za mwisho za reji namba yako. Uwezekano wa kupita kutoka geti hadi geti ni kosaini ya nusu ya pembe, ipandishwe kipeo cha pili, kwa hiyo jumla yake ni kosaini ya nyuzi 90 gawanya kwa N, kipeo cha pili, halafu yote kwa kipeo cha N. Mwenye 02 anapata 0.25, ile robo yetu. Mwenye 03 anapata 0.42. Mwenye 10 anapata 0.78. Mwenye 01 anapata sifuri na anadhani nimemwonea, mwenye 00 nampa 100 naye anapata 0.976. Kila mtu ana jibu lake, huwezi kukopi. Lakini kilichonifurahisha sikukipanga, ni kwamba wakakusanya majibu yao wote kwenye grupu la WhatsApp la darasa ili wahakikishe, CR wao, kiongozi wa darasa, akayapanga kwenye jedwali, na wakaona wenyewe jinsi namba zinavyopanda kuelekea 1. Mageti yakiwa mengi mno karibu kila kitu kinapita, na kinatoka kikiwa kimegeuzwa kichwa chini. Swali la "kwanini?" likatoka kwao.

Ile nusu ya pembe sasa. Kama kuna kitu kimoja kwenye spini ambacho ukikishika mengine yote yanajipanga, ni hiyo nusu. Swali linalofuata ni dogo, mstari mmoja: hali ya juu jumlisha hali ya chini, gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani kwa 1.414, ni nini? Wale wa vimshale vya kemia wanajibu sifuri, mshale wa juu na wa chini vinafutana, si ndo vekta? Sivyo. Jibu ni mshale wa kulia. Juu toa chini ni mshale wa kushoto. Maabara juu na chini zimepishana nyuzi 180, ila kwenye hesabu za kwantamu hizo hali mbili zimepishana nyuzi 90, ni kama mhimili wa x na wa y, na mihimili hiyo miwili ukiijumlisha haifutani hata siku moja. Ile nusu ndiyo imefanya 180 kuwa 90. Nawaambia wachore picha mbili kwenye ukurasa, kushoto chumba cha maabara, kulia karatasi ya hesabu, na kila hali waiweke kwenye picha zote mbili. Inachosha, wananung'unika, lakini baada ya hapo mtu hachanganyi tena.

Halafu linakuja swali la masanduku, na hili ningependa kila anayefundisha kwantamu alijaribu. Sanduku A limejazwa elektroni kwa kurusha shilingi, ikitoka kichwa unaweka ya juu, ikitoka mwenge unaweka ya chini. Sanduku B elektroni zote ziko kwenye hali moja, ile juu jumlisha chini. Mtu kang'oa vibandiko, hujui lipi ni lipi. Unayo mashine moja tu ya Stern na Gerlach. Utayatofautishaje?

Ukipima wima, A inakupa nusu kwa nusu na B inakupa nusu kwa nusu. Wengi wanaishia hapo wanaandika kwa kujiamini kabisa kwamba masanduku hayana tofauti, kwamba hali ya juu jumlisha chini maana yake ni "ama juu ama chini ila hatujui". Hicho ndicho kitu ninachokiwinda. Wachache wanakumbuka kwamba mashine inaweza kulazwa. Ukiilaza, B zote zinatokea kulia, mia kwa mia, hata moja haiendi kushoto, na A inaendelea na nusu kwa nusu yake. Kwa hiyo ile ya B haikuwa "hatujui". Ilikuwa inajulikana vizuri tu, sema ulikuwa unaiuliza swali ambalo si lake.

Kipengele (b): atomu za Stern na Gerlach zilizotoka kwenye tanuru, ni sanduku A au B? Geuza sumaku upande wowote unaotaka, nusu kwa nusu, hakuna upande ambao zote zinakubaliana. Ni A. Na kipengele (c) kinauma kweli: sasa nina sanduku C, nalo la kurusha shilingi, ila lina za kulia na za kushoto. Litofautishe na A. Watu wanajaza kurasa, wanalaza mashine, wanaiinamisha nyuzi 45, kila wakipima nusu kwa nusu, nusu kwa nusu. Jibu ni kwamba haiwezekani, hakuna kipimo chochote duniani kitakachotofautisha A na C, pamoja na kwamba mimi niliyeyajaza najua kabisa niliyajaza tofauti. Mwanafunzi mmoja akanifuata ofisini, "lakini mwalimu wewe unajua", nikamwambia mi najua, elektroni hazijui. Akaondoka hajaridhika. Sikumwita arudi. Ni vizuri atembee nalo kidogo.

Swali la kuzungusha nyuzi 360 nalipa nafasi ndogo ila silitoi. Ukizungusha hali ya spini mzunguko mzima, ile nusu inafanya inarudi na alama ya kutoa mbele yake, lazima uzungushe nyuzi 720 ndo irudi ilivyokuwa. Mwanafunzi mjanja anasema alama ya kutoa haina maana kwa sababu uwezekano tunaupata kwa kupandisha kipeo cha pili. Yuko sahihi kama unayo hali hiyo peke yake. Lakini gawa mkondo mara mbili, mkondo mmoja uzungushe na mwingine uache, kisha uunganishe, hapo ile alama inageuka kuwa giza mahali palipokuwa na mwanga. Mwaka 1975 makundi mawili, moja la Helmut Rauch na lingine la Werner, Colella na Overhauser, walifanya hivyo kwa nyutroni wakitumia kristali moja ya silikoni, na mrudio ukawa nyuzi 720. Nawaambia tu, hesabu yake ni mistari miwili.

Kuna wale wanaouliza "sasa hii itatusaidia nini mtaani", na kwao lipo swali la MRI, ile mashine ya hospitali ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Protoni za maji ya mwilini nazo zina spini, na kwenye uga wa sumaku zinayumba kwa megahezi 42.58 kila tesla. Mashine nyingi za hospitali ni tesla 1.5, piga hesabu, megahezi 63.9. Ya tesla 3 ni megahezi 127.7. Redio za FM ziko 88 mpaka 108. Niambie sumaku ya tesla ngapi ingeziweka protoni za mgonjwa katikati ya FM, na inatoka kati ya 2.07 na 2.54. Wanalipenda hili kupita kiasi, wanauliza je matangazo ya mpira yangeingia kwenye picha, na kusema kweli ndo sababu chumba cha MRI kinazungushiwa kizimba cha shaba ukutani, mawimbi ya nje yasiingie kuchafua. Lakini ningeanza na MRI wangeshika fomula ya megahezi na kimpira chao kingebaki salama, kinayumbayumba vizuri kabisa ndani ya sumaku. Ndo maana linakuja mwishoni.

Usahihishaji ni mzigo, sifichi. Darasa kubwa, karatasi zinajaa meza, na siku hizi programu za akili bandia zinapiga hizi hesabu za spini bila hata kupepesa, kwa hiyo hesabu safi peke yake hainiambii kitu. Maksi nimezihamishia kwenye ule mstari wa wino na kwenye sentensi mbili za baada ya hesabu, zinazosema dhana ya kwanza ilivunjikia wapi hasa. Programu inaweza kuandika na hizo pia, sawa, ila inaandika kwamba ilidhani jibu sahihi tangu mwanzo. Haina kimpira cha kuvunja. Ukisoma karatasi za kutosha unaijua tu.

Swali linalofunga asaimenti linahusu ile i, kipeuo cha pili cha −1, ambayo wengi wanaamini imewekwa kutukomoa. Tumeshapata juu na chini, tumeshapata kulia na kushoto. Umebaki mwelekeo wa tatu, mbele na nyuma. Spini inayoelekea mbele lazima ikipimwa wima itoe nusu kwa nusu, na ikipimwa ubavu itoe nusu kwa nusu pia. Iandike kwa namba za kawaida tu, a ya juu na b ya chini. Wima ikitoa nusu, basi a² ni nusu na b² ni nusu. Zimebaki alama tu. Zikifanana alama umepata kulia, zikitofautiana umepata kushoto, na zote mbili ukizipima ubavu zinatoa mia kwa mia, si nusu. Nafasi zimekwisha, mbele hakuna pa kukaa. Weka i kwenye b, pima ubavu, koefisienti ya kulia inakuwa 1 + i gawanya kwa 2, ukubwa wake kipeo cha pili ni nusu. Imekaa. Swali lina maksi nne, mistari mitano inatosha, na anayeandika kurasa tatu simsomi zote.